Wodi ya Tisa, Hull

Siku ya kwanza wote niliwaita daktari:
aliyepima presha, aliyeleta chai,
hata kijana wa kutengeneza televisheni.
Akacheka. "Natamani, mama."

Siku ya pili nikaanza kusoma nguo.
Buluu nzito, msimamizi wa wodi.
Buluu ya maji, nesi.
Nyeupe yenye ukingo wa kijani ni Bronagh wa mazoezi,
anayenisimamisha dede, mimi na miaka yangu sabini,
akinihesabia hatua hadi dirishani
ambako mvua inanyesha kwa ubavu.
Daktari bingwa hana sare.
Hupita asubuhi na msafara wake,
dakika nne, nimezihesabu,
swali langu likabaki mdomoni kama kidonge kikavu.

"Liandike," alisema nesi Oluchi, akanipa kalamu yake.
"Kesho umsomee kabla hajageuka."

Kisha akaja mfamasia, viatu vinalia.
Akavuta kiti. Yeye tu ndiye aliyekaa.
"Kuna kingine unachotumia, kisichoandikwa hapa?"
Nikaitazama soksi kabatini:
unga wa mlonge, kutoka kwa dada Tanga,
umefungwa mafundo matatu.
Mficha uchi hazai. Kuzaa nimeshamaliza,
lakini soksi niliitoa.
Hakunikaripia. Akanusa, akaandika,
akaenda kumtafuta daktari, mbio.

Juu ya kitanda pana ubao:
majina yao, na kila jina kazi yake.
Leo nimeomba mstari wa chini.
Mashavu Athumani. Kazi: kusema.

Televisheni bado haijapona.