Nyongo Mkalia Ini

Sakitu imeuma hadi ndani ya ndoo.
Napasua barafu kwa mpini wa kisu,
natia mikono, na mikono inakoma kuwa yangu.
Ua mzima unanuka manyoya yaliyobabuliwa kwa mabua.

Mwaka jana saa kama hii nilikuwa kijitoni na wengine,
nageuza utumbo ndani nje kwa kijiti cha mzeituni,
chumvi, siki, ndimu, chumvi tena,
hadi maji yatoke kama yalivyoingia.
Miaka ishirini na miwili, hiyo ndiyo kazi niliyopewa.
Ini lilikuwa la Casimira.
Mama mkwe hakuruhusu mtu aliguse.

Sasa Gervasio ananiletea beseni, hasemi neno,
analiweka mezani kama mtu anayerudisha deni la marehemu.

Lione.
Wekundu ulioivia weusi, zito, limekaza.
Ulibonyeze, halibaki na shimo.
Huyu alitembea. Tangu Oktoba
alitoka mti hadi mti chini ya mialoni ya Valdehoya,
akitafuna tunda, akitema ganda,
akilala pale alipochokea.
Wa kufungiwa bandani, alisema Casimira,
ini lake hupauka kama uso wa mfungwa.

Daktari Nicanor angali ameinamia hadubini sebuleni,
kipande cha nyama kati ya vioo viwili.
Hakuna atakayeonja hadi atamke.
Wanaume wanapasha koo kwa pombe ya anisi.
Mimi natafuta nyongo.

Ipo. Ya kijani, imejaa, imejibana ubavuni mwa ini
kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa.
Tone moja, na chungu kizima kinakuwa chungu.
Casimira hakuivuta. Aliikata pamoja na pande la ini,
upana wa kidole gumba, akatupa vyote.
"Ubahili," alisema, "ndio unaotia uchungu."
Nilijua ananisema mimi.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilipika chanfaina.
Alionja. Kimya.
Akachota chumvi, akatia, akakoroga, akaenda zake.
Kwa chumvi ile hatukusemezana vizuri hadi Pasaka,
na baada ya Pasaka pia, ukiniuliza.
Wapo wanaoitana nyongo mkalia ini kwa mapenzi.
Sisi tulikaliana tu, ubavu kwa ubavu, jiko moja,
hata siku moja hatukuitana.

Nakata. Upana wa kidole gumba.

"Safi!" anapaza sauti Nicanor, na nyumba inapumua.

Haya, moyo: nafungua vyumba vyake, natoa damu iliyoganda.
Figo napasua katikati, nang'oa ule uzi mweupe,
naziloweka kwenye siki
mpaka zisahau kazi zilizokuwa zikifanya.
Mapafu yanaelea sufuriani, ukiyazamisha yanaibuka;
yaache, yana ukaidi wa pumzi.
Utando wa mafuta nautundika dirishani,
kijiji kinaonekana ndani yake kama uso nyuma ya shela.
Kitunguu saumu. Jira. Pilipili nyekundu iliyokaushwa kwa moshi,
sufuria ikiwa imeepuliwa, isije ikaungua.
Ini huingia mwisho, dakika chache tu,
lingali na uwaridi katikati;
ukilizidisha linakuwa soli ya kiatu, na mnyama amekufa bure.
Mkate wa juzi. Damu, kijiko baada ya kijiko.

Naonja.
Imekaa.

Nageuka kuchukua sahani,
na kwenye kioo cha dirisha, nyuma ya ule utando,
namwona binti yangu Visitación, miaka kumi na minne,
anachota chumvi kwa vidole vitatu,
anatia, anakoroga kwa kushoto kama bibi yake,
anaenda zake.

Nimesimama na sahani yangu.

Chumvi ilizidi.
Tulikula yote, tukapangusa sufuria kwa mkate,
na hakuna aliyesema kitu.