Hatua Kumi na Nne

Mwaka ule serikali ilipohamia huku
na viwanja vikapimwa hadi kwenye mashamba ya uwele,
nilipata kazi kuliko mikono.
Asubuhi nachimba kisima kwa Mama Sechelela,
jioni nachimba choo kwa jirani yake, Chidawali.
Sururu moja. Kamba moja. Ndoo ileile,
niliyoisugua kwa mchanga nikasema imetakata.

Futi arobaini chini nimeona wasichokiona wenye hati:
udongo mwekundu, kisha chokaa nyeupe kama unga,
kisha changarawe inayolia chini ya buti,
na ndani ya changarawe unyevu unatembea
polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani.
Kule chini hakuna uzio.
Kule chini hakuna bikoni.

Nilihesabu hatua, choo hadi kisima: kumi na nne.
Nikamwambia Chidawali, "Sogeza."
Akacheka. "Nisogeze wapi, fundi? Kiwanja ndicho hiki."
Ada ya binti yangu ilikuwa inadaiwa.
Nikachimba.

Maji yakatoka maangavu, matamu.
Mama Sechelela akaweka tangi, akaliandika jina la mjukuu wake,
akauza ndoo shilingi mia,
na mjamzito hakumtoza.

Mwezi uliopita akaja kijana, kalamu nyuma ya sikio,
akachota kichupa, akaziba, akaandika tarehe.
Leo karatasi imerudi na namba
na neno moja, naitreti,
ambalo Mama Sechelela alilisoma
kama jina la mgeni asiye na barua ya utambulisho.
"Mwanangu, maji haya nayanywa mwaka wa saba.
Ulimi wangu haujaniambia kitu."

Ulimi!
Ulimi unajua magadi yaliyozidi kwenye mlenda,
unajua maziwa yaliyoongezwa maji.
Hili haulijui.

Mimi nilikuwa pale, nimeitwa kuongeza kina,
maana kiangazi kimekishusha kisima.
Akaniletea kikombe, kama siku zote,
kwa mikono miwili.
Kijana akanitazama. Karatasi ikapepea chini ya sahani.
Zile hatua nilizihesabu mimi.
Hakuna mwingine aliyezihesabu.

Nikasema sina kiu,
na jua la Oktoba liko utosini,
na midomo yangu imepasuka,
na yeye ananijua miaka yote hii:
fundi hajawahi kukataa maji.