Mwinamo wa Paa

Nimechora banda nyuma ya bili ya umeme,
mita saba kwa tano,
kwa wanja wa penseli, maana kalamu iligoma kwa baridi.
Ni la chuma, nguzo sita, mabati ya rangi ya mchanga,
ili mlima usinione mgeni.

Rafikul, fundi wa kuchomelea, kapanda kutoka Al Hamra
na futi yake ya mkanda na pua inayochuruzika.
"Paa tambarare, mama. Maskati wote tambarare."
Nikamwambia, wa Maskati hawakuamka Januari ile
wakakuta maji ya mbuzi yamekuwa jiwe,
na juu ya turubai la Hamdun
weupe umelala kimya, unene wa kiganja,
mpaka turubai likachanika kama kanga kuukuu
na kioo cha gari kikapokea kilichobaki.

Theluji.
Neno hili nililisoma Wete, darasa la tano,
likiwa na mlima wake kitabuni, mbali huko.
Nikalikariri nipate maksi, nikaliweka
kama mtu awekavyo ufunguo wa nyumba asiyoijua.
Nimekuja kulitumia uzeeni,
Jabal Shams, nikiwa na koleo mkononi.

Basi paa liiname. "Kiasi gani?"
Nikainamisha sinia la chai taratibu
mpaka vikombe vikaanza kuteleza.
"Hapo."
Akapima pembe ya sinia, akaandika,
hakucheka. Ndipo nikajua nimempata fundi.

Tukahesabu mengine.
Upepo wa bondeni haubishi hodi:
nguzo zizame kwenye zege, nondo zishikane chini,
na zege limwagwe Oktoba, usiku haujaanza kuuma.
Matundu ya skrubu yawe marefu kidogo
kwa sababu chuma nacho hupumua,
Julai hujinyoosha, Januari hujikunyata,
na ukikibana sana kitalalama usiku kucha.
(Nami niliolewa na mtu wa namna hiyo.)
Chini ya bati tutandike sufi,
la sivyo alfajiri paa litatoa jasho
na kuninyeshea ndani mvua nisiyoiomba.
Na ukingo usishuke sana: mbuzi wa Muhana
hupanda chochote kisichowakataza.

Mlango. Hapo tulikwama.
"Gari moja, mita mbili na nusu."
Nikasema nne.
"Nne? Kwa gari moja?"
Moja, pamoja na woga wangu.
Miaka thelathini na mmoja nimekaa kiti cha kulia,
nikishika kishikio cha juu ya dirisha kila kona,
Hamdun akiendesha kwa vidole viwili
huku ananisimulia bei ya makomamanga.
Akaondoka mwezi wa Rajabu.
Ufunguo ukabaki kwenye msumari
wiki nyingi, hata msumari ukaacha alama ya kutu.
Sasa najifunza, kwenye kiwanja cha mawe, peke yangu.
Mbele najua.
Nyuma, nikikata usukani huku, dunia inakwenda kule.

Rafikul akafuta mbili na nusu.
Akaandika nne, akaongeza robo.
"Bado, mama," akasema. Ndilo neno la Kiswahili
aliloliokota kwangu. "Bado. Si hapana."

Baladia wanataka ramani.
Nitawapelekea bili yangu,
doa la chai likiwa upande wa kaskazini.
Muhana anasema paa la theluji jangwani
ni kumshonea samaki koti.
Sawa. Aje Januari, nitamwonesha samaki anavyotetemeka.

Jana magharibi, baada ya fundi kuteremka,
niliingia garini nikalirudisha nyuma,
polepole, shingo inaniuma, Bismillahi kila tairi,
katikati ya vigingi na kamba alizozifunga
pale ambapo kuta bado ni hewa.

Nikazima injini. Nikashuka kukagua.
Kamba moja imekatika.
Moja tu.