Masikio Yote Mawili

Juma zima, pale Makoroboi, napiga nyuso.
Kitambaa cha buluu ukutani, stuli ya miguu mitatu.
"Inua kidevu. Usicheke. Masikio yote mawili yaonekane."
Nne kwa elfu tatu. Anayefuata.

Basi Jumapili nikasema nataka kitu kisicho na masikio.
Nikamwamsha Nkwimba saa kumi na nusu,
yeye na begi la lenzi, mimi na stendi begani,
tukaushika mlima wa Igogo gizani.

Usidhani ni mlima wa kwenye kalenda.
Hauna theluji, hauna bango la karibuni.
Ni jiwe juu ya jiwe juu ya jiwe,
la mwisho limekalia ncha kama mgeni aliyesahau kuaga,
na katikati yake watu wamechomeka nyumba
kama unavyochomeka karatasi kwenye ufa wa dirisha.
Njia inapita uani kwa mtu, chini ya kamba ya nguo.
Shuka mbichi ilimkumba Nkwimba usoni;
akaiomba radhi.

Nusu ya njia pumzi ikaniishia.
Nikakaa. Msichana akanipita na ndoo ya lita ishirini kichwani,
haishiki, hatweti, ameuma mswaki.
"Pole, dada," akasema,
pole ya aliyebeba kwa asiyebeba.
Iliniuma kuliko magoti.

Juu, jiwe lilikuwa baridi kama sakafu ya zahanati.
Tukangoja.
Jua lilitokea mgongoni, upande wa Kisesa,
likapita juu ya vichwa vyetu bila salamu,
likaenda kwanza kuwasha vilima vya Sengerema ng'ambo,
kimoja, halafu kingine, kama mlinzi anayekagua taa.
Ziwa bado lina usingizi.
Kivuko cha Kamanga kikalichora mstari mmoja,
na mbali, nguzo ya wadudu ikainuka majini
kama moshi wa moto ambao hakuna aliyeuwasha.
Pimbi akatoka ufani, akatukazia macho,
uso kamili, kidevu juu.
"Huyu angefaulu," Nkwimba akanong'ona.

Nilibofya hadi kidole kikachoka. Jiwe halipepesi.
Jiwe haliulizi kama limetoka mnene.

"Nyie wa picha!"
Mwanamke, nyuma yetu, mikono myeusi ya mkaa.
Holo Ng'wandu; alilitaja jina lote
kama linasomwa daftarini.
"Kikoba wananidai sura tangu mwezi wa tatu.
Goti hili haliteremki hadi mjini.
Hayo mawe mnayapiga bure. Mimi nalipa."

Nikatafuta ukuta. Hakuna ukuta.
Nkwimba akamshika mabega, akamgeuza taratibu,
na nyuma yake ziwa, na juu ya ziwa anga,
sasa saa mbili, hakuna mshono kati yao:
kitambaa kile kile nilichokikimbia,
kimetandazwa hadi ng'ambo, bila misumari,
bila lile doa la chai pembeni.

Akanawa. Akafunga kilemba,
akakifungua tena kwa ajili ya masikio.
"Inua kidevu," nikasema.
Ile "usicheke" ikachelewa mdomoni,
maana pimbi alikuwa ameingiza kichwa kwenye begi la lenzi
na Mama Holo alikuwa wa kwanza kumwona.

Jana nimechapa.
Mawe yametoka vizuri, nimeyatundika dukani.
Mteja mmoja, mkazi wa Igogo, ameuliza ni nchi gani.
Za Mama Holo zimo kwenye bahasha: nne,
meno yote nje, sikio la kushoto limeliwa kidogo na mwanga.
Kikoba wakizikataa watapanda wenyewe.

Jumatano nazipeleka.
Nkwimba anauliza tubebe lenzi ipi.
Nimemwambia abebe ndoo.