Sekunde Kumi na Moja za Giza

Mikebe thelathini na minne chini ya kitanda chake, Buruburu,
na chumba kizima kinanuka siki.
"Si achari," humwambia mjukuu, "ni filamu inakufa."
Kisha hufunga mlango polepole, kama wa mgonjwa.

Mimi nilimbebea sauti.
Miaka kumi na tisa, kinasa cha kilo saba begani,
maikrofoni juu ya ufito wa mwanzi,
naye Syombua mbele, jicho kwenye kamera aliyoinunua
kwa sehemu yake ya shamba la Mwala.
Nduguze walimwita kichaa, kisha wakaomba wapigwe picha.

Asubuhi ya kubomolewa vibanda kando ya Mto Ngong
tulifika kabla ya tingatinga.
Mkanda mmoja, dakika kumi, bei yake kodi ya mwezi.
Akampiga Mama Nzasu akilia juu ya bati lililokunjwa
hadi kamera ikatatarika: tupu.

Mkanda ulisafiri Ulaya kusafishwa, ukarudi baada ya miezi mitatu.
Tukatundika shuka ukumbini Kaloleni.
Wenyewe wakaja, wakajitazama.
Taa zilipowaka Mama Nzasu akasimama:
"Siku ile nilicheka pia. Kuku wangu alimpanda askari kichwani.
Mbona umeniacha nalia?"

Syombua hakujibu.
Usiku wa manane akanigongea dirisha:
"Mashine yako, uliizima?"
Nilikuwa nimesahau kuizima.
Kumbe vyote vimo: kuku, askari akitukana,
na kicheko, kama sufuria zikiporomoka kabatini.

Akakitia. Picha ikafa, sauti ikaendelea,
sekunde kumi na moja za giza.
Bodi ikauliza, kalamu mkononi: "Hapa filamu imekatika?"
"Haikukatika," akasema. "Sisi ndio tuliishiwa."
Wakamnyima cheti. Akaionyesha makanisani, maghalani Gikomba,
na mara moja ndani ya bucha,
mbavu za ng'ombe zikining'inia pande zote za shuka.

Tangu hapo hakuzima kamera mtu alipomaliza kulia.
Alingoja. Vijana aliowafunza wanauita mtindo.
Mimi nakumbuka kiatu chake kikikanyaga changu:
bado, bado.

Jana nilikwenda kumjulia hali. Macho yameingia ukungu.
Tukafungua mkebe wa siku ile.
Mkanda umejikunja kama gome,
bati halionekani, wala mto, wala yeye Mama Nzasu.
Nikawasha kinasa changu.

Syombua akacheka kabla kicheko hakijafika.