Karatasi ya Mwisho, Darasa la Nne

Saa mbili asubuhi mashine ilimkataa Kageha.
Kidole gumba: hapana. Cha shahada: hapana.
Akajifuta kwa leso, akabonyeza tena,
kioo kikawaka wekundu kama jicho la anayeumwa.
Miaka thelathini ya kuvunja kokoto
chini ya majabali ya Maragoli
imemlamba alama alizozaliwa nazo.
"Sasa mimi si mimi?" akauliza.
Foleni ikacheka, naye akacheka,
lakini hakuondoka.

Nikafungua daftari. Jina lipo. Picha ipo.
Nikajaza fomu ya wale ambao mashine haiwajui,
mawakala wakatia sahihi,
akapewa karatasi sita za masanduku sita,
akaenda nyuma ya kadibodi, akakaa huko
muda wa kuchemsha chai.

Hapo ndipo macho yangu yanapokoma.
Sheria imenipa ya kuhesabu,
haikunipa ya kuchungulia.

Usiku. Stima imepotea, karabai inavuma,
ukutani watoto wameandika saba mara nane.
Tunamalizia kiti cha wadi, kifuniko rangi ya uji.
Nainua karatasi, naitaja, nawageuzia mawakala:
Kisia. Agiza. Kisia. Vulimu. Agiza. Agiza. Kisia.

Kisia mia moja arobaini na nane.
Agiza mia moja arobaini na nane.
Vulimu mia moja thelathini na moja; wakala wake ameshalala.
Tatu zimeharibika: moja tupu,
moja ina alama kila mahali,
kama mgeni anayesalimia nyumba nzima,
na ya tatu mtu ameandika, Leteni maji kwanza.
Hotuba nzuri. Si kura.

Imebaki moja.

Alama ya vema imeanzia kisanduku cha Kisia,
mkia ukateleza, ukavuka mstari,
ukaingia kwa Agiza kama kuku wa jirani.
"Imeharibika!"
"Haijaharibika, mwalimu, angalia vizuri!"
Naisogeza kwenye mwanga,
na pembeni, pale pa kushikia, naona vumbi:
la kijivu, laini, vumbi la jiwe lililopondwa.

Wanaovunja mawe hapa ni wengi.
Najiambia hivyo. Najiambia tena.
Kura ni siri hata kwa anayeihesabu;
nikishamjua mwenyewe
nitakuwa nimeingia naye nyuma ya kadibodi.
Nikapuliza.
Vumbi likaondoka, ikabaki karatasi.

Kanuni yasema, tazama nia.
Goti la alama limekita kwa Kisia, mkia ni mkia tu.
Nikagonga muhuri: imekubaliwa.
Wakala wa Agiza akapinga,
nami nikaandika kwamba amepinga, jina lake na saa,
maana hasira yake nayo imetengewa mstari kwenye fomu.

Mia moja arobaini na tisa.
Mia mbili sabini na tisa waliamka gizani
kumtaka mtu mwingine,
na bado kituo hiki ni cha Kisia.
Ndivyo tulivyokubaliana: hatukati kiti vipande,
huyu mguu, huyu mgongo.
Anayetangulia kwa unywele hukalia chote.
Nimeyafundisha haya miaka kumi na miwili, kwa chaki,
na leo usiku yamenikwama kooni.
Tena hiki ni kituo kimoja;
kumi na vinne vingine vinahesabu kwa taa zao.

Alfajiri nikabandika fomu mlangoni.
Kageha akapita na nyundo begani,
akasimama, akaifuata orodha kwa kile kidole,
kipara, na wino mweusi umezingira ukucha.
Nikangoja aniulize nani. Nikangoja aniulize ngapi.
Nilikuwa nimeandaa majibu yote mawili.

"Mwalimu," akasema, "madawati mtarudisha lini?
Mjukuu wangu hukaa lile la dirishani."

Jumatatu, nikamwambia.

Akaenda. Haukupita muda,
nyundo ikaanza kule juu.