Hesabu za Radi

Mie ndiye mweka hazina wa Radi ya Konde,
cherahani mbele yangu, daftari la miraba mapajani.
Waliniteua mwaka ule mweka hazina wa kwanza
alipooa mke wa pili na mipira miwili ikapotea kwa pamoja.
Andika, Mize, walisema, una mkono mzuri.

Nikaandika.
Chokaa ya mistari, debe moja na nusu.
Refa na washika vibendera wake, na soda zao,
maana refa mwenye kiu hana macho.
Barafu ya Bi Time, kwa mkopo.
Mafuta ya gari mpaka Gombani na kurudi;
kurudi tulisukuma kuanzia Ole.

Mapato: kiingilio, elfu moja kwa kichwa.
Vichwa mlangoni, mia moja na arubaini.
Vichwa vya juu ya miti sikuvihesabu.
Mti hauna mlango.

Mpira wetu huchanua na mkarafuu.
Mwaka wa mavuno mtu hutoa noti na hadai chenji,
ingawa msimu huohuo beki wetu wa kushoto
yuko tawini anachuma kwa pishi,
na pishi inalipa kuliko Radi.
Tunachezesha mdogo wake. Tunafungwa nne.
Naandika: nne.

Ndipo akaja mtu wa simu mbili.
Alimtazama Shaame wa Faki nusu moja ya mchezo
kama mnunuzi atazamavyo karafuu mkekani mwa mwenziwe:
anatia mkono, ananusa, anasema bado zina maji.
Kisha akasema, milioni tatu.

Barazani kwetu milioni haikupata kutajwa
pasi na harusi au hospitali.
Kimoyomoyo nikapiga hesabu:
magunia manne na kitu, kavu, daraja la kwanza.
Nikaona haya.
Mtu hapimwi kwa gunia;
kisiwa hiki kilishapima.

Nikauliza, na akiuzwa tena?
Mtu wa simu mbili akacheka,
mwenyekiti naye akacheka, asijue anacheka nini.
Nikasema iandikwe. Ikaandikwa kwa kalamu yangu,
chini kabisa, pale karatasi ilipoanza kujikunja:
kumi kwa mia ni ya Radi.
Wakatia saini. Chai ikaletwa.

Mgao. Wakala, chake. Chama, chake.
Bi Chumu mama wa mtoto, bati ishirini.
Barafu ya msimu mzima.
Mipira minne, na nyavu
zilizodumu mpaka mbuzi walipozionja.
Salio: elfu kumi na moja.

Mwaka wa pili redio ikasema Shaame kauzwa Uarabuni,
kwa tarakimu ndefu hata msomaji akapumua katikati.
Nikaandika sufuri zote, nikakata kumi kwa mia,
nikapiga simu.
Haipatikani.
Nikapiga ile ya pili.
Basi nikafungua ukurasa, nikauita Tunadai.
Kila Januari nauhamishia daftari jipya,
sufuri kwa sufuri, kwa wino wa buluu.

Idi iliyopita akaja mwenyewe, kanzu inanukia udi,
akasimama mlangoni pangu kama mtoto aliyevunja kitu.
"Bi Mize, nilichukua soksi kwako."
"Ulichukua. Elfu mbili na mia tano."
Akatoa noti ya elfu kumi, hataki chenji.
Nikamwambia, Radi haipokei sadaka kwa jina la soksi.
Nikamhesabia saba na mia tano kiganjani,
nikapitisha mstari mwekundu juu ya jina lake.
Akalitazama daftari. Goti lake la kulia
lilikuwa limefungwa bendeji chini ya kanzu,
niliijua kwa namna alivyosimama.
Akauliza, "Nyie hamjambo lakini, timu?"
"Hatujambo."

Ukurasa ule mwingine
niliulalia kiwiko mpaka alipotoka.